Ukuta wa upande wa bahari unabanduka kila mwaka: tuufunike kwa kitu gani?

SWALI: Asalaam aleykum. Nyumba yetu ipo Jambiani, kama mita 80 kutoka baharini. Ni ya matofali ya saruji na ina miaka minane, isipokuwa chumba kimoja cha nyuma cha mawe na chokaa alichokijenga marehemu babu. Ukuta unaotazama bahari una urefu wa mita 11 na kimo cha mita 3, na madirisha mawili. Kila baada ya masika rangi inavimba na kubanduka, na huku chini, kuanzia ardhini hadi kiunoni, plasta inamomonyoka kama unga. Juu ya dirisha moja kuna ufa ulionyooka wenye doa la kahawia. Magunia ya mwani huwa tunayaegemeza ukuta huo. Fundi mmoja ametushauri tuufunike wote kwa mawe ya kupachika au tailizi. Kaka yangu aliyeko Marekani yeye anataka kututumia mbao za plastiki wanazovika nyumba za huko. Tushike lipi, na fundi wa kweli tutampataje?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Kwa sasa msishike lolote kati ya hayo mawili. Ukuta wenu una maji na chumvi ndani yake, na chochote mtakachouvika, hata kiwe cha thamani namna gani, kitasukumwa na chumvi hiyo mpaka kidondoke. Chumvi huyeyuka ndani ya tofali na kutembea pamoja na unyevu mpaka karibu na uso wa ukuta. Hapo maji hukauka na chumvi huganda, ikawa chembe ngumu zinazotaka nafasi, nazo nafasi huipata kwa kuivunja plasta. Usiku hewa ya pwani inapokuwa nzito, chumvi ileile hunyonya unyevu ikayeyuka tena, na mchana ikaganda upya. Kwa hiyo ukuta unaliwa kila siku, si masika peke yake. Masika ndipo mnapouona ubaya wake.

Basi kazi ya kwanza ni kujua maji na chumvi vinaingilia wapi. Kwa maelezo yako, mlango mmoja unajulikana: magunia ya mwani. Gunia la mwani mbichi linachuruzika maji ya bahari yenyewe, na tofali la saruji hunywa maji kama sifongo. Hilo peke yake linatosha kuula ukuta hadi kiunoni. Jengeni chanja mbali na nyumba, walau mita 2, na kamba za mwani nazo zisining'inizwe kwenye misumari ya ukuta huo. Hili halina gharama, na bila hilo yanayofuata yote ni hasara.

Mlango wa pili ni ardhi. Angalieni kama mchanga au udongo wa uwanjani umepanda mpaka kufikia usawa wa sakafu ya ndani au kuupita. Katika nyumba nyingi uwanja hupanda kidogo kidogo kwa kufagia na kumwaga vifusi, hadi ile nailoni ya kuzuia unyevu iliyowekwa juu ya msingi ikafukiwa. Chimbeni mpaka ardhi iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi, kisha mmwage zege jembamba la upana wa sentimita 60 kuuzunguka ukuta huo, likiinamia nje sentimita 2. Kama kuna baraza iliyojengwa ikagusana na ukuta, tazameni ule mshono wa baraza na ukuta. Maji hutuama hapo na kunywewa taratibu. Baraza nayo iinamie nje, na mshono uzibwe kwa silikoni ya nje au dawa nyingine ya kuzibia inayovutika, si kwa saruji, maana baraza na ukuta hazitulii pamoja na saruji itapasuka mwaka uleule.

Mlango wa tatu ni paa. Matone yanayoanguka kutoka ukingoni hupiga ardhi na kurukia ukuta hadi kama nusu mita, na huo ndio kwa kawaida mstari wa ukungu na tope mnaouona. Dawa yake ni mfereji wa mvua.

Mlango wa nne ndio mgumu: chumvi iliyojengewa humohumo kwa mchanga wa pwani, au kwa maji ya kisima chenye chumvi yaliyochanganyia saruji. Hiyo haitolewi yote. Hupunguzwa tu.

Ili kujua unyevu unatoka nje au ndani ya ukuta, bandikeni kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 juu ya ukuta, kingo zote nne zikifungwa kwa utepe. Kiacheni siku mbili bila mvua. Matone yakikaa upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya tofali. Yakikaa upande wa nje tu, ni umande wa hewani. Fanyeni kipimo hiki pahali patatu: chini karibu na ardhi, kiunoni, na juu karibu na paa. Kule juu pakionekana pakavu na chini pakawa pamelowa, mmekwisha pata jibu: shida inapanda kutoka chini, na ukuta wa juu hauna haja ya kubomolewa plasta yote.

Sasa ule ufa wa juu ya dirisha. Huo ni ugonjwa mwingine, na nasisitiza usipigwe plasta juu yake. Ufa ulionyooka wenye doa la kahawia juu ya dirisha ni nondo ya linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya dirisha, inayoshika kutu. Kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huipasua zege kutoka ndani. Fundi avunje zege lililolegea mpaka nondo ionekane pande zote na kidole kiweze kupita nyuma yake, na aendelee kuvunja kwa urefu mpaka afikie chuma safi. Isuguliwe kwa brashi ya waya hadi ing'ae, ipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kisha ijazwe kwa mchanga mkali na saruji, mbili kwa moja, kwa tabaka, si kwa mkupuo mmoja. Chuma kifunikwe kwa unene usiopungua milimita 40. Pwani pungufu ya hapo hakudumu. Pimeni nondo baada ya kusuguliwa. Ya milimita 12 ikiwa imebaki 10 au chini, imepoteza karibu theluthi ya nguvu yake. Hapo mwiteni mhandisi, msifunike.

Nije kwenye vifuniko mlivyoshauriwa. Zile mbao za plastiki za Marekani ni nzuri huko zilikozaliwa. Nyumba nyingi za kule ni za fremu za mbao, nguzo zake zikiwa zimepangwa kila baada ya sentimita 40 hivi. Plastiki hupigiliwa kwenye fremu hiyo juu ya karatasi ya kuzuia maji, na kazi yake ni kuikinga mbao isioze. Ukuta wenu ni tofali. Ingebidi kwanza mpigilie fito za mbao, kwa skrubu ambazo zikiwa za chuma cha kawaida zitashika kutu mbele ya bahari, na nyuma ya fito pabaki uwazi wa panya na mchwa. Plastiki yenyewe hutanuka kwa joto: kipande cha mita 3.6 kikipandishwa nyuzi 20 huongezeka milimita 5 hivi, kwa hiyo msumari huachwa ulegee kidogo katikati ya tundu lake, na fundi asiyelijua hilo hukaza, mbao zikajikunja kama mawimbi. Jua letu ni kali mwaka mzima, rangi hupauka. Na kipande kimoja kikivunjika, cha kufanana nacho mtakipata wapi? Mwambie kaka asante, lakini hapana.

Mawe ya kupachika ni mazuri machoni, hilo sibishi. Lakini jiwe la matumbawe la unene wa sentimita 3 pamoja na saruji yake nyuma huwa karibu kilo 100 kwa mita mraba. Ukuta wenu ukitoa madirisha una mita mraba 30 hivi. Hizo ni tani 3 zimening'inia kwenye plasta inayomomonyoka. Tailizi ni nyepesi kuliko mawe ila ni mbaya zaidi kwa hali yenu, kwa sababu haipitishi unyevu kabisa. Maji yakikosa pa kutokea chini hupanda juu zaidi, na baada ya miaka michache mtauona ukungu juu ya mstari wa tailizi, mpaka ndani chumbani. Mbao za saruji na nyuzi zinafaa kwa ghorofa ya mbao au banda la wageni, kwa skrubu zisizoshika kutu. Kwa ukuta wa tofali ni gharama ya bure.

Linalowafaa ni plasta mpya ya saruji na chokaa, iliyopigwa vizuri, na rangi ya maji ya nje inayoruhusu ukuta kupumua. Chokaa huifanya plasta iwe laini kidogo, isipasuke kwa jua, na ipitishe mvuke. Kipimo ni saruji 1, chokaa 1, mchanga 6. Saruji ya daraja la 32.5 inatosha, ile ya 42.5 ni ya zege na nguzo, kwenye plasta huleta nyufa.

Bomoeni plasta mbovu hadi nusu mita juu ya mstari wa mwisho wa uharibifu. Ikigongwa na kutoa sauti ya debe tupu, itoke hata kama inaonekana nzima. Unga mweupe wa chumvi usafishwe kwa brashi kavu na uzolewe ukatupwe mbali. Msiuoshe kwa maji, maana mtaiyeyusha chumvi na kuirudisha ndani. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke. Wakati mzuri ni kubomoa vuli inapomalizika, mwezi wa Disemba, ukuta ukaushwe Januari, upigwe plasta Februari, na rangi itangulie masika ya Machi. Kila wiki chumvi mpya itajitokeza. Ipigwe brashi kavu tena. Mafundi wengi hukataa kungoja huku kwa sababu wanataka kumaliza na kulipwa. Msikubali kuharakishwa, kwani mwezi huo mmoja wa kungoja una faida kuliko saruji yoyote mtakayoiongeza.

Mchanga upimwe kabla haujashushwa garini. Jazeni mchanga nusu ya chupa ya lita moja, mtie maji hadi robo tatu na kijiko kimoja cha chumvi ili udongo utue haraka, tikiseni sana, kisha iacheni itulie kwa muda wa saa tatu. Udongo laini utakaa juu ya mchanga. Ikiwa kwa sentimita 10 za mchanga tabaka la udongo limezidi milimita 8, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Kwa chumvi, oshea konzi ya mchanga katika glasi ya maji baridi yasiyo na chumvi, dondosha tone la maji hayo juu ya kioo, na pembeni yake tone la maji matupu. Yakikauka, linganisha madoa. Doa jeupe zito la mchanga maana yake ni mchanga wa pwani, hata muuzaji aape vipi.

Kwa mita mraba 30 zote, unene wa milimita 15, andaeni mifuko 5 ya saruji ya kilo 50, mifuko 3 ya chokaa ya kilo 25, na mchanga ndoo 36 za lita 20. Humo mmeingia upotevu na ule mrusho wa kwanza wa saruji 1 kwa mchanga 2, nitakaoueleza hapa chini. Mkirekebisha chini tu, gawanyeni kwa eneo lenu. Hapa ndipo vipimo huharibika: mfuko wa saruji una ujazo wa lita 35, yaani ndoo moja na robo tatu. Kwa hiyo mfuko mmoja unataka mchanga ndoo kumi na nusu, si ndoo sita. Fundi anayehesabu "mfuko mmoja, matoroli matano" hana kipimo. Toroli la kawaida ni kama lita 60, na yake matano ni lita 300. Chokaa iloweshwe ndani ya pipa tangu jana yake, iwe uji mzito.

Ukuta uloweshwe jioni iliyotangulia na tena kabla ya kuanza, uwe na unyevu bila kung'aa maji. Tofali kavu hunyonya maji ya plasta kabla saruji haijashika, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya plasta kutoa sauti ya utupu. Kwanza urushwe kwa mwiko mchanganyiko mwepesi wa saruji 1 na mchanga mkali 2, uso ubaki wa mikwaruzo, uachwe siku moja ukimwagiliwa. Halafu tabaka la kwanza la milimita 10, lichanjwe mistari kabla halijakauka. Siku mbili au tatu baadaye tabaka la pili la milimita 5. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa moja na nusu utupwe. Kuuongezea maji ni kuuua.

Ukuta wenu unatazama mashariki, jua linaupiga asubuhi. Plasta ipigwe baada ya adhuhuri, uso ukiwa kivulini, na usiku uikute ikiwa mbichi. Tundikeni magunia yaliyoloweshwa mbele yake kuzuia upepo, na mmwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Maji yawe ya bomba au ya mvua, si ya kisima chenye chumvi.

Ngojeni siku 28 ndipo mpake rangi. Rangi ya mafuta msitumie: ukali wa saruji mpya huigeuza kuwa kama sabuni, na unyevu ukikosa pa kutokea huivimbisha. Na fundi asisawazishe nje kwa skimu ya jipsam, kwani jipsam hulainika kwa maji. Lita 20 za rangi ya maji ya nje zinatosha mikono miwili kwa mita 30 na ziada ikabaki ya kupigia viraka.

Chumba cha marehemu babu kishughulikiwe mbali, na hapa naomba sana mnisikilize. Ukuta wa mawe na chokaa haupigwi saruji, hata ile ya "kidogo tu ili ishike". Ni mnene, unavuta unyevu ardhini na kuutoa kupitia uso wake; ukiufunga kwa saruji maji hukaa ndani, udongo na chokaa vya katikati hulainika, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza. Plasta yake ni chokaa 1 kwa mchanga 3, kila tabaka lisizidi milimita 10, likilindwa kwa magunia mabichi kwa wiki nzima kwani chokaa hushika polepole. Kwa ukuta wa mita mraba 11 na matabaka mawili, hesabuni ndoo 13 za mchanga na ndoo 4 hadi 5 za chokaa ya uji. Chokaa ya tanuri, ile ya mawe yaliyochomwa, izimwe na ikae ndani ya shimo au pipa miezi 3. Wakati wa kuizima huchemka na kuruka. Watoto wawe mbali na fundi avae miwani, tone lake likiingia jichoni hupofua. Juu papakwe chokaa nyepesi kama maziwa iliyochujwa kwa kitambaa, mikono minne au mitano, mmoja kwa siku. Ikiwa mbichi haionekani, huja weupe ikikauka, basi fundi asiizidishe uzito. Wapo wanaotia chumvi ndani ya chokaa ili ishike. Msitie, ya baharini inatosha.

(Atakayesoma haya akiwa na nyumba Mji Mkongwe ajue kwamba eneo hilo ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Kabla hajagusa uso wa nje aende kwanza kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe akachukue kibali.)

Kuhusu fundi: msiombe kuona kazi yake mpya, kwa sababu plasta ya mwezi mmoja zote ni nzuri. Mwombeni awapeleke kwenye ukuta alioupiga upande wa bahari ambao umekwisha pita masika mawili, muugonge kwa sarafu, na mzungumze na mwenye nyumba bila yeye kuwepo. Kisha mwulizeni maswali matatu. Mchanga utatoka wapi? Ukuta utauloweka lini? Nani atamwagilia maji zile siku saba? Anayejibu la tatu kwa kusema "haina haja" muageni kwa heshima. Pia mwulizeni angeufanyia nini ufa wa dirisha. Anayesema ataufunika kwa plasta hafai hata akiwa na bei ya chini.

Vifaa nunueni wenyewe, fundi mlipeni ufundi, kwa mita mraba na si kwa siku. Kabla ya kuanza, apige kipande cha mita moja kwa moja, kikae siku tatu, mkikague pamoja. Hicho ndicho kiwe mfano wa kazi nzima. Makubaliano yaandikwe: kipimo cha mchanganyiko, matabaka na unene wake, eneo, tarehe, na malipo. Yasainiwe mbele ya sheha au mashahidi wawili. Hii si kumtilia fundi shaka, inamlinda na yeye pia mkibadilisha kazi katikati. Arubuni isizidi sehemu moja ya tano. Sehemu mbili za tano zilipwe plasta ikimalizika na kukaguliwa: mbao iliyonyooka ya mita 2 ikilazwa ukutani isiache mwanya unaozidi milimita 5, na kila mahali panapolia utupu kwa ukubwa wa kiganja parudiwe. Iliyobaki, ukitoa fungu dogo la mwisho, ilipwe baada ya rangi. Fungu hilo dogo, kama sehemu moja ya kumi ya malipo yote, likae kwa mtu mnayemwamini nyote mpaka mwisho wa Mei, masika yakiisha. Fundi mwenye kuiamini kazi yake atalikubali mkimweleza tangu mwanzo. Mkimwambia siku ya mwisho mtagombana, na haki itakuwa yake.

Na kaka yako, kama moyo wake ni kusaidia, atume fedha za mfereji wa mvua wa plastiki wa mita 11, na skrubu za chuma kisichoshika kutu za kufungia vishikio vyake, ambazo huko alipo ni rahisi kupatikana. Vishikio vikae kila sentimita 60, mfereji uinamie upande wa pipa sentimita 1 kwa kila mita 3. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe imwagike, kwani inaosha chumvi na vumbi la paa. Zinazofuata zikingwe, na mkipata pipa lenye mfuniko kabla ya vuli, maji ya kuchanganyia plasta yenu ya Februari mtakuwa mnayo nyumbani.